Kisa cha maji ya Fukushima: sponji inanasa, afu hiyo sponji unaipeleka wapi?

Chini ya majengo mawili pale Fukushima Daiichi, kile kituo cha umeme wa nyuklia cha Japani kilichopata ajali, kwenye vyumba vya ardhini vilivyojaa maji, kuna mifuko ya zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo vidogo. Maelfu ya mifuko. Ilitupwa humo 2011 watu wakiwa wanakimbizana na muda, na kazi yake ilikuwa moja tu, ikae ndani ya maji inase siziamu, moja ya atomu zenye mionzi zinazotoka kwenye fueli ya nyuklia. Na ikanasa kweli. Imenasa mpaka leo hakuna mtu anayeweza kuisogelea, manake juu ya baadhi ya mifuko ile kipimo kinasoma sivati 4 hivi kwa saa (sivati ni kipimo cha mionzi inayoupata mwili), na kwa asiyezijua hizo namba, mtu akipata sivati 4 au 5 mwili mzima kwa mara moja bila matibabu, uwezekano wa kupona na wa kufa uko karibu nusu kwa nusu. Saa moja tu ya kusimama pale. Imebidi zitengenezwe roboti za kuzamia zikaifuate.

Nimeanza na mifuko makusudi. Kila baada ya muda inakuja habari mpya, mara sponji ya bluu inayosafisha maji yenye mionzi, mara chembe nano, yani ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zinazomaliza kazi kwa dakika chache, mara unga unaovutwa na sumaku, tunasambaza tunashangilia. Na nyingi siyo uongo, kemia yake iko sawa kabisa. Shida ni kwamba jaribio la maabara linaishia pale maji yanapotoka safi, wakati kwa waliokuwa Fukushima hapo ndo kazi ilikuwa inaanza.

Kitu kimoja tukiweke wazi kabla hatujaenda mbali: hakuna sponji inayonyonya mionzi. Inachonasa ni atomu zinazotoa mionzi, na hizo atomu zikishanaswa zinaendelea kutoa mionzi vilevile kama zilivyokuwa zinatoa ndani ya maji, tena sasa zimekusanyika sehemu moja. Siziamu-137 inapungua nusu kila baada ya miaka 30, strontiamu-90 miaka 29 hivi, na hakuna kemikali ya kuharakisha hilo. Kwaiyo ukisikia "kusafisha" elewa "kuhamisha". Umehamisha sumu kutoka kwenye maji mengi kwenda kwenye kitu kidogo, na hilo ni jambo kubwa sana, silidharau, ila ni kuhamisha.

Maji yalivyoanza

Tarehe 11 Machi 2011 lilipiga tetemeko la 9.0, ikaja tsunami iliyopanda mita 14 na ushee pale kituoni, jenereta za dharura zikazama, umeme ukakata, fueli ya vinu namba 1, 2 na 3 ikayeyuka. Njia pekee ya kupoza ilikuwa kumwaga maji, wakaanza na ya bahari kwa pampu za magari ya zimamoto, baadaye ya baridi yasiyo na chumvi, na maji hayo yakawa yanaingia, yanagusa fueli iliyoyeyuka, yanatokea kwenye nyufa na kushuka kwenye vyumba vya chini vya majengo ya turbini. Hayo ndo maji tunayozungumzia.

Tarehe 24 Machi wafanyakazi watatu walikuwa wanatandaza nyaya chini ya jengo la turbini la kinu namba 3. Chini kuna maji ya kina kama sentimita 15. Wawili wao wamevaa viatu vifupi, maji yakaingia ndani ya viatu. Vipima mionzi vyao vikalia, wakadhani vimeharibika, wakaendelea na kazi. Baadaye maji yale yalipopimwa yalikuwa na bekereli milioni 3.9 (bekereli 1 ni atomu moja inayovunjika kila sekunde) kwa kila sentimita moja ya ujazo, mara elfu kumi ya maji ya kawaida ya ndani ya kinu, na vipimo vya watu wale vikaonyesha kati ya milisivati 170 na 180 (milisivati 1,000 ni sivati 1). Kila nikifika hapo nawaza kile kilio cha kipima, mtu anakisikia anasema hiki kimekufa, anaendelea kuvuta waya.

Afu tarehe 2 Aprili wakagundua ufa wa sentimita 20 hivi kwenye shimo la nyaya karibu na kinu namba 2, maji machafu yanamwagika moja kwa moja baharini. Walijaribu zege, ikakataa. Wakajaribu polimeri ya kunyonya maji, jamii ya ile ya ndani ya nepi, pamoja na vumbi la mbao na magazeti yaliyochanwachanwa, maji yakaendelea kutoka tu. Wakamwaga unga mweupe wa rangi ili waone maji yanapita wapi. Mwisho ikabidi wachome kemikali ya silikati ya sodiamu kwenye udongo wa pale, ndo tarehe 6 ikaziba. Naitaja hii kwa sababu inaonyesha hali ya mwezi ule, hawa siyo watu waliokuwa wanachagua teknolojia kwenye katalogi, ni watu waliokuwa wanaziba bahari kwa magazeti.

Na juu ya hayo kulikuwa na maji ya ardhini kutoka vilimani yanayojipenyeza kwenye majengo, mwanzoni tani kama 400 kila siku, yote yanachanganyika na yale machafu. Kwaiyo hata ungesafisha yote leo, kesho una mapya.

Kwa nini ni ngumu: chumvi

Watu wengi wakisikia maji yenye mionzi mingi hivo wanadhani siziamu imejaa kama uji. Hapana, ni kidogo ajabu. Gramu 1 ya siziamu-137 ina bekereli trilioni 3.2 hivi. Kwaiyo chukua lita ya maji mabaya kabisa yenye bekereli bilioni 1 za siziamu-137, lita ambayo huwezi kuikaribia kizembe, uzito wa siziamu humo ni kama miligramu 0.3. Sasa kama hiyo lita ni maji ya bahari ina gramu 10 na kitu za sodiamu. Ukihesabu kwa atomu unapata kama laki mbili za sodiamu kwa kila moja ya siziamu, na zote mbili ni ioni zenye chaji moja, zinafanana tabia, zinagombania kiti kilekile. Kitu chochote cha kunasa kikikosa uwezo wa kuchagua kinajaa sodiamu ndani ya dakika chache, siziamu inapita inakupungia mkono.

Na upande wa pili wa mstari ni mbali zaidi. Kiwango cha Japani cha kuruhusu maji yatoke ni bekereli 90 kwa lita kwa siziamu-137. Ukichukua gramu 1 ukaigawa vipande trilioni, vipande 28 hivi ndo vinaruhusiwa kubaki kwenye lita.

Hapa ndo inaingia bluu ya Prussia, na mi nikiri ni kitu ninachokipenda. Ni rangi tu, ilitokea kwa bahati Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1700, wachoraji wakaitumia. Ila ndani ni kimiani cha chuma na sianidi kilichojipanga kama vizimba vidogo vya mraba. Siziamu yenyewe ni atomu kubwa, ila ikiwa ndani ya maji inayashika maji kwa ulegevu, koti lake la maji ni dogo na inalivua kirahisi. Sodiamu ni atomu ndogo lakini inayang'ang'ania maji, inatembea na koti nene. Mlangoni kwenye kizimba siziamu inapita, sodiamu na koti lake inabaki nje. Ndo maana bluu hii ilitumika hata kwa watu, kule Goiânia Brazili 1987, baada ya chanzo cha siziamu cha mashine ya hospitali kufunguliwa na watu wasiojua ni nini, watu 46 walipewa bluu ya Prussia waimeze, inanasa siziamu tumboni inatoka nayo chooni.

Strontiamu ni mnyama mwingine kabisa. Inafanana na kalsiamu, ndo maana inakimbilia kwenye mifupa, na bluu ya Prussia haina habari nayo, huyo anahitaji vinasio vingine, kama titanati, vinavyotengenezwa kwa titani. Kwaiyo ukiona tangazo la sponji moja inayonasa "mionzi yote", uliza mionzi ya nini.

Nano inasaidia nini, na sponji inaingiaje

Hesabu ya nano ni rahisi. Chukua mchemraba wa sentimita 1, uso wake wote ni sentimita 6 za mraba. Ukatekate uwe vimchemraba vya nanomita 10 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), uzito ni uleule, ila nyuso zote ukizijumlisha unapata mita za mraba 600. Siziamu haina tena safari ndefu ya kujipenyeza hadi katikati ya punje, kila kizimba kiko karibu na mlango. Punje kubwa unaweza kukuta tumbo lake lote halijatumika kabisa wakati nje imeshajaa, chembe nano inatumika yote na kwa haraka.

Tatizo linakuja palepale. Chembe ya nanomita 10 ukishaiweka ndani ya maji, unaitoaje? Haizami, kwenye filta ya kawaida inapenya, inaelea humo kama rangi. Na sasa ina siziamu. Umetoka kwenye siziamu iliyoyeyuka ukaenda kwenye siziamu iliyopanda kwenye chombo kidogo cha bluu kinachoweza kupita sehemu nyingi zaidi. Hiyo siyo hatua mbele.

Majibu yaliyopo ni kama mawili. Moja ni sumaku, unatengeneza chembe ya magnetaiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, katikati unaivisha bluu ya Prussia nje, unaimwaga, unasubiri, unaleta sumaku inavuta kila kitu pembeni. Maabara inapendeza sana kuangalia, maji ya bluu yanakuwa meupe ukutani kunabaki doa jeusi. Ila sumaku yenye nguvu kwa tani mia nne kwa siku, kwenye chumba ambacho fundi hawezi kuingia, ni habari nyingine.

La pili ndo sponji. Unachukua sponji yenye matundu yaliyofunguka, poliyurethani au ya selulosi, unaotesha bluu ya Prussia kwenye kuta za matundu au unaibandika kwa polimeri, chembe zinabaki nano ila zimefungwa kwenye kitu ambacho unaweza kukishika na koleo ukakitoa. Maji yanapita ndani bila kuhitaji pampu ya presha kubwa kama kwenye kichujio kilichojaa unga. Ni wazo zuri na kipimo chake cha kwanza hakihitaji mashine: kamua sponji kwenye maji safi uangalie rangi. Maji yakigeuka bluu, chembe zinatoka, na sponji hiyo hata ingenasa asilimia ngapi hainifai. Cha pili, weka kwenye maji yenye alkali kidogo, manake bluu ya Prussia kwenye alkali inavunjika, na maji ya ajali yanapopita kwenye zege wiki nzima alkali haikosekani.

Tusichanganye pia maneno, "sponji" na "povu" siyo kitu kimoja ingawa utafiti unaviweka kapu moja. Kuna povu lenyewe la mapovu, linalopuliziwa kwenye kuta na matangi ya vituo vya nyuklia kuondoa uchafu ulioganda, CEA, taasisi ya nishati ya atomu ya Ufaransa, wamelifanyia kazi miaka mingi. Zaidi ya asilimia 90 yake ni hewa, kwaiyo badala ya kuosha tangi kwa maji matupu ukajipa maji machafu ya kujaza tangi, unatumia kimiminika kidogo sana. Humo nako nano ina kazi, chembe za silika zinakaa kwenye kuta za mapovu yasipasuke haraka, povu linang'ang'ania ukutani muda wa kutosha kemikali ifanye kazi. Na kuna povu la kuelesha, unapuliza hewa chini mapovu yanapanda na chembe, unakwangua juu, teknolojia ya migodini hiyo. Tofauti ndogo ukiziandika, kubwa ukizitumia, sponji inasafisha maji, povu la ukutani linazuia usiyachafue mengi, na kwa maoni yangu hilo povu halipewi sifa linalostahili.

Walichotumia kweli

Sasa rudi Juni 2011. Mitambo miwili ikaletwa kwa mkupuo. Mmoja wa Kurion ya Marekani, mitungi ya chuma iliyojazwa zeolaiti, maji yanapita siziamu inabaki. Mwingine wa Areva ya Ufaransa, huu unamwaga ferosianidi ya nikeli, ndugu wa bluu ya Prussia, moja kwa moja ndani ya maji, siziamu inashikwa, chembe zinashushwa chini zinakuwa tope.

Tarehe 17 Juni wakawasha rasmi. Saa tano baadaye wakazima. Mtungi wa zeolaiti ulikuwa umeshafikia kiwango cha mionzi cha kubadilishwa, mtungi ambao walitarajia ukae kama mwezi. Mwezi mzima ukaisha ndani ya saa tano! Soma vizuri hapo, mtungi haukushindwa kunasa. Ulinasa haraka kuliko mtu yeyote alivyopanga kuubeba, kuukinga na kuuweka pembeni. Walirekebisha, wakaendelea, na mwisho wa mwezi ule wakaweza kurudisha maji yaliyosafishwa kupoza vinu badala ya kumwaga mapya kila siku, na hilo ndo liliokoa jahazi. Agosti ukaja mtambo wa Toshiba, SARRY, wenye zeolaiti na silikotitanati, madini ya kutengenezwa ambayo chimbuko lake ni utafiti wa maabara ya Sandia na chuo kikuu cha Texas A&M miaka ya 1990.

Ule wa Areva ulinasa vizuri pia. Lakini ulitumika miezi michache tu, na ulichoacha ni mamia ya mita za ujazo za tope lenye mionzi mikali kwenye chumba cha chini, mahali ambapo tsunami nyingine ikija inaweza kulibeba. Na hapa mi huwa nasimama kabisa, manake mtambo huu ndo uko karibu zaidi na ndoto ya chembe nano, unga unaoelea huru ndani ya maji, ukanasa kila unachotaka, afu ukawa tope. Zeolaiti ya kizamani iliyokaa kwenye mtungi ilibebeka. Tope halibebeki.

Halikuwa jambo geni hata. Kule Hanford Marekani miaka ya 1950 walimwaga ferosianidi kwenye matangi ya taka ili siziamu ishuke chini wapate nafasi, ikashuka, na miaka mingi baadaye ikabidi wakae na hofu kwamba ferosianidi iliyo pamoja na naitreti ndani ya tangi lenye joto inaweza kulipuka. Suala lile lilifungwa 1996 baada ya kupima na kupima tena. Usingizi mbaya wote ule kwa sababu ya kitu kilichofanya kazi yake.

2013 ikaja ALPS, mtambo wa kuondoa aina 62 za atomu zenye mionzi, siyo siziamu peke yake. Mwanzoni kuna hatua za kugandisha, kwa chuma na kwa kaboneti, ili kutoa vitu vinavyosumbua kama kalsiamu, afu mitungi ya vinasio mbalimbali. Ile hatua ya kugandisha inatoa tope zito linaloingia kwenye mapipa makubwa ya plastiki ya poliethilini, na mapipa hayo ndo yamekuwa kisa ndani ya kisa. Aprili 2015 wakakuta maji yamekaa juu ya vifuniko. Pipa halijatoboka. Mionzi ndani ya tope inavunja maji, inatengeneza hidrojeni, viputo vinanaswa ndani ya tope vinaliumua kama unga wa mkate, kimiminika kinapanda kinatokea juu kwenye tundu la hewa. Yani povu wamelipata bila kuliomba. Na 2021 msimamizi wa nyuklia wa Japani akasema mapipa 31 yameshapita kiwango cha mionzi ambacho plastiki ile inatakiwa kuvumilia, ikabidi tope lihamishwe kwenye mapipa mengine.

Sasa jiulize sponji ya poliyurethani ingekuwaje hapo. Nayo ni plastiki, na siziamu haikai mita moja pembeni, imekaa ndani ya kuta zake zenyewe. Zeolaiti ni jiwe, mionzi ikiipiga haishtuki sana. Ndo maana nikiulizwa kwa nini Fukushima hawakutumia sponji za kisasa kwenye maji makali, sioni kama ni uzembe wala ushamba, kwa maji yale jiwe ndani ya chuma lilikuwa jibu sahihi. Ukitaka kuchoma sponji upunguze ujazo nako kuna mtihani, ferosianidi ikiungua vibaya inatoa gesi ya sianidi, na siziamu kwenye moto mkali inageuka mvuke inapanda na moshi.

Sponji na vitambaa vya nano vimepata nafasi sehemu nyingine, kwenye maji mengi yenye uchafu mdogo. AIST, taasisi ya utafiti ya Japani iliyoko Tsukuba, walitengeneza chembe nano za bluu ya Prussia, na vitambaa vyenye bluu hii vikawa vinatumika kupimia siziamu ya mitoni, ambako ni kidogo mno mashine haiioni kwa lita moja, kwaiyo unapitisha makumi ya lita kwenye kichujio, siziamu yote inajikusanya pale, unapima kichujio badala ya mto. Hiyo ni kazi safi kabisa. Kilichonaswa ni kidogo, hakiharibu plastiki, kinabebwa na mkono.

Pale kinasio kinaposhiba

Kuna jambo la 2018 ambalo liliwaudhi watu wengi, na haki yao. Miaka yote umma uliambiwa maji kwenye matangi yamebaki na tritiamu tu, yani hidrojeni yenye mionzi. Septemba ile ikakubaliwa kwamba sehemu kubwa, kama robo tatu na zaidi, ilikuwa bado juu ya kiwango kwa vitu vingine, strontiamu ikiwemo. Mtambo ulikuwa na hitilafu siku za mwanzo, na pia walikuwa wanakimbilia kupunguza mionzi kwenye mpaka wa kituo, kwaiyo walipitisha maji mengi bila kubadilisha vinasio kila vilipochoka. Kinasio kilichoshiba hakipigi kelele. Maji yanapita vilevile, presha ileile, rangi ileile, kinachobadilika ni namba ya maabara siku ambayo mtu ataamua kupima. Hili litaipata sponji yoyote ya nano ya kesho kama lilivyoipata ALPS.

Na mikono ya watu iko palepale. 25 Oktoba 2023 wafanyakazi watano walikuwa wanasafisha mabomba ya ALPS kwa asidi ya nitriki, kaboneti iliyoganda ikawa inatoa gesi, mpira wa kutolea ukachomoka kwenye tangi, kimiminika kikawarukia. Wawili wakalazwa hospitali kwa siku chache, hawakuwa wamevaa makoti ya kuzuia maji. Mwanzo ikasemwa imemwagika kama mililita 100, baadaye ikawa lita kadhaa. Mpira haukufungwa vizuri, basi.

Tritiamu nayo haina sponji. Ni hidrojeni, imekaa ndani ya molekuli ya maji yenyewe, hakuna kizimba cha kuitenganisha na maji kwa sababu ni maji. Yote iliyokuwa kwenye matangi zaidi ya elfu moja, maji zaidi ya tani milioni 1.3, ukiikusanya ni gramu 2 na kitu. Ndo maana 24 Agosti 2023 wakaanza kuyachanganya na maji ya bahari mpaka yashuke chini ya bekereli 1,500 kwa lita, na kuyatoa kwa handaki la kilomita 1 chini ya bahari, kwa kikomo cha bekereli trilioni 22 kwa mwaka. IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, ikasema mpango unaendana na viwango vyake, China ikasimamisha ununuzi wa samaki wa Japani. Ugomvi ule una mengi, ila kwa mada yetu inatosha kwamba hapo chembe nano hazina cha kufanya.

Na ile mifuko ya mwanzo? Roboti moja inakusanya punje za zeolaiti zilizotawanyika chini sakafuni, giza, maji, inazisogeza pamoja, nyingine ije izifyonze zipande juu, zikaoshwe chumvi, zikaushwe maji, ziingie kwenye vyombo vya chuma ndo vipelekwe kwenye hifadhi ya juu mlimani, mbali na bahari. Mwaka 2011 kuzitupa humo ilikuwa kazi ya kubeba na kuachia tu.